Mdhamini au Mtunza Amana? Neno Moja na Shamba la Mayatima

MWEZI uliopita nilikwenda matangani nyumbani, upande wa Oyugis, Kaunti ya Homa Bay. Baada ya mazishi, wageni walipoanza kupungua, mjane wa marehemu alinijia nikiwa nimeketi chini ya mwembe pamoja na wazee. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Baba," akaniambia, "si wewe ndiye mwalimu wa Kiswahili? Nisomee hapa. Hii karatasi inasema mimi na watoto tunabaki na nini?"

Zilikuwa kumbukumbu za kikao cha ukoo, zimeandikwa kwa mkono. Mengi yalikuwa ya gharama za mazishi. Lenye uzito lilikuwa sentensi moja tu: kwamba ndugu ya marehemu atakuwa mdhamini wa shamba mpaka watoto wakomae.

Nilimuuliza mjane yeye alilielewaje neno hilo. Akasema, "Si ni kama mdhamini wa timu ya mpira? Yeye atatoa pesa, watoto waende shule."

Baadaye nilimvuta shemeji yake kando, nikamuuliza swali lilo hilo. Jibu lake lilinikosesha usingizi. "Prof, mdhamini ni yule anayesimama. Deni likija, linaniangukia mimi. Sasa kama deni ni langu, shamba nalo si ni langu?"

Msomaji wangu, usiwacheke. Hakuna mjinga kati ya hao wawili. Kila mmoja alilitumia neno kama alivyolisikia redioni na benki. Kosa ni letu sisi tunaojiita wataalamu wa lugha, kwa kuliacha neno moja libebe mizigo mitatu.

Sura tatu za mdhamini

Hebu tuipime mizigo hiyo. Nchini Kenya, mdhamini wa kwanza ni yule anayemwekea mshukiwa dhamana mahakamani, au anayetia saini ili mwenzake apewe mkopo wa chama cha ushirika. Mkopaji akitoroka, mdhamini ndiye analipa. Mdhamini wa pili ni mfadhili: kampuni inayodhamini ligi, au mhisani anayemdhamini mwanafunzi. Wa tatu ni yule ambaye wanasheria humwita kwa Kiingereza 'trustee'. Huyu tunamsikia katika Bodi ya Wadhamini wa hazina ya malipo ya uzeeni, wadhamini wa kanisa, na Mdhamini wa Umma katika afisi ya Mwanasheria Mkuu.

Sasa tazama tofauti. Wale wawili wa kwanza hutumia mali yao kwa ajili ya mtu mwingine. Huyu wa tatu hutumia mali ya wengine kwa ajili ya wengine. Lake yeye halimo. Jina lake linaweza kuwa kwenye hatimiliki, saini yake ikawa ndiyo inayotambuliwa benki, lakini faida si yake. Ukimpa mtu wa namna hii jina moja na yule anayelipa kutoka mfukoni mwake, umempa kisingizio cha kusema kwamba mali inamdai yeye, kwa hiyo ni yake.

Chimbuko la maneno linatusaidia hapa. Dhamana na amana yote mawili yametufikia kutoka Kiarabu, lakini hayatoki shina moja. Amana ni ndugu ya imani, amini, mwaminifu na amani. Dhamana inatoka kwenye shina lenye maana ya kubeba wajibu wa kulipa. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu huyatenganisha mambo haya mawili kabisa. Mtu aliyeshika kitu kwa amana hadaiwi fidia kitu hicho kikipotea bila uzembe wala hila yake. Aliyekishika kwa dhamana hulipa hata kama hakukosa.

Chukua mfano wa kwetu, ambako radi si hadithi. Umeniachia ng'ombe wako kwa amana, radi ikampiga malishoni. Sikulipi. Lakini nikimchinja nikala nyama na jirani zangu, hapo nimevunja amana, na methali yatuambia kuwa mla mbuzi hulipa ng'ombe. Kwa hiyo yule shemeji alikosea tangu mwanzo. Mtunzaji haibebi mali kama deni lake. Anabeba wajibu wa kuwa mwaminifu kwayo.

Kijaluo kina neno linalofaa mno: jarit, yaani mlinzi, kutokana na kitenzi rito, kulinda au kutunza. Mtoto anayekaa shambani akifukuza ndege wasile mtama ni jarit. Hakuna mtu katika Homa Bay au Migori anayewaza kwamba mtama ule ni wa mtoto yule kwa sababu tu ndiye aliyeshinda juani akiulinda. Ndilo wazo lenyewe la kisheria, na bibi zetu walikuwa nalo kabla ya mahakama ya kwanza kujengwa.

Wenzetu wa Tanzania wana Kabidhi Wasii Mkuu, afisa wa serikali anayeshughulikia mali za marehemu. Neno hilo lina uzuri wake, kwa maana ndani yake mna kukabidhi: aliyekabidhiwa anajua kwamba siku moja atakabidhi. Lakini hata wao hutumia udhamini katika jina la wakala wao wa usajili, ufilisi na udhamini. Tatizo si letu peke yetu.

Mimi napendekeza hivi. Anayetoa mali aitwe mweka amana. Anayeishika aitwe mtunza amana. Anayefaidika aitwe mnufaika. Wakfu tuuache kwa mali iliyofungwa daima kwa ajili ya dini, jamii au kizazi, isiyouzwa wala kurithiwa. Najua afisi kubwa hazitabadilisha mabango yao kwa sababu ya safu ya gazeti. Sidai hivyo. Ninachodai ni kwamba kwenye karatasi ya kijijini, ambako mjane ataisoma au kusomewa, neno liwe lile linaloonyesha mali ni ya nani.

Amana huzaliwaje

Amana ya kisheria huzaliwa kwa njia kadhaa. Ya kwanza ni kauli ya mwenye mali akiwa hai, kwa kawaida kwa hati iliyoandikwa na kutiwa saini. Mahakama zetu zimerithi kutoka Uingereza kipimo cha mambo matatu, tangu kesi ya Knight dhidi ya Knight ya 1840: nia iwe wazi, mali ijulikane, na wanufaika wajulikane. "Nitunzie watoto" si amana. "Nakukabidhi ekari hizi mbili uzishike kwa ajili ya watoto wangu wawili hawa mpaka wafike miaka 18" ni amana. Nchini Marekani kuna sheria ya mfano ya 1987, ambayo baadhi ya majimbo yaliikubali, inayomwezesha mtu kuunda amana ya utunzaji kwa maneno machache tu ya maandishi. Kwetu hakuna sheria yenye jina hilo, lakini tangu marekebisho ya 2021 sheria zetu zinatambua waziwazi amana za familia zinazoweza kusajiliwa.

Njia ya pili ni wasia. Marehemu huandika nani atatunza nini, kwa ajili ya nani.

Njia ya tatu ndiyo inayowagusa wengi katika kaunti hizi mbili, na wengi hawaijui. Ni sheria yenyewe kuizalisha amana mtu anapofariki bila wasia. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, iliyoanza kutumika 1981, inasema mjane au mgane aliyeachiwa watoto anapata vyombo na vitu vya nyumbani moja kwa moja, na mali iliyobaki huitumia kwa maisha yake. Hawezi kuiuza apendavyo. Akitaka kuuza ardhi kwa ajili ya mahitaji, lazima mahakama ikubali. Baada yake, mali ni ya watoto, wa kiume na wa kike kwa usawa. Wazazi wote wakiwa wamefariki, kifungu cha 41 kinaagiza fungu la watoto lishikwe kwa amana mpaka watimize miaka 18. Na pale marehemu alipokuwa na wake zaidi ya mmoja, kifungu cha 40 hugawa kwanza kwa nyumba, kwa idadi ya watoto wa kila nyumba, mjane aliye hai akihesabiwa kuwa mmoja zaidi.

Umeona? Kwa mujibu wa sheria, yule mjane wa Oyugis si mgeni anayesubiri hisani ya mdhamini. Yeye ndiye wa kwanza katika orodha ya wanaostahili kuomba usimamizi wa mirathi, na ndiye mwenye haki ya kuishi na kulima pale. Kikao cha ukoo kinaweza kushauri. Hakiwezi kumvika mtu umiliki. Na anayeshika mali ya marehemu bila idhini ya sheria anatenda kosa la jinai chini ya kifungu cha 45, hata akiwa ndugu wa tumbo moja.

Njia ya nne ni mila. Wakati wa upimaji wa mashamba, familia nyingi zilimwandikisha mtu mmoja, mara nyingi kaka mkubwa, kwa niaba ya wote. Kisha sheria ya usajili ikasomwa kwa ukavu. Katika kesi ya Obiero dhidi ya Opiyo ya 1972, mahakama ilishikilia kwamba usajili ulizifuta haki za kimila za wengine. Kwa miaka mingi mwelekeo huo uliwatoa watu jasho. Lakini mwaka wa 2018 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Kiebia dhidi ya M'Lintari, ilieleza kwamba amana ya kimila inamfunga aliyeandikishwa, ikithibitishwa kwamba ardhi ilikuwa ya familia au ukoo kabla ya kusajiliwa, na kwamba mdai ni wa familia hiyo, si jamaa wa mbali mno. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 nayo imeitaja amana ya kimila miongoni mwa haki zinazoifuata ardhi hata kama hazikuandikwa kwenye daftari la usajili.

Na wale wanaotumia mila kama kisingizio, wakumbuke mila yenyewe. Jater, mwanamume anayemshika mjane, hakuwahi kuwa mwenye shamba. Watoto waliozaliwa waliitwa wa marehemu, na ardhi ilibaki ya nyumba ile. Kama hiyo si amana, ni nini?

Hutunzwaje

Pale amana inapoendelea kwa sababu kuna watoto wadogo au mjane mwenye haki ya maisha, kifungu cha 58 kinakataza usimamizi wa mirathi isiyo na wasia kukabidhiwa mtu mmoja peke yake, isipokuwa Mdhamini wa Umma au shirika la amana. Wawe wawili au zaidi, wasipite wanne. Sababu iko wazi: jicho moja lichunge jingine. Shemeji anaweza kuwa wa pili pamoja na mjane. Hawezi kuwa pekee. Na kifungu cha 84 kinasema wasimamizi hao ndio wanaokuwa watunza amana, kama marehemu hakuteua wengine katika wasia.

Ardhi haiuzwi kabla mahakama haijathibitisha hati ya usimamizi. Hati yenyewe huthibitishwa baada ya miezi sita, ili mwenye pingamizi apate nafasi ya kusema. Mali isiyozidi shilingi milioni 20 inaweza kushughulikiwa na hakimu mkuu, si lazima Mahakama Kuu, ingawa Homa Bay na Migori zote mbili zina Mahakama Kuu. Kwa Waislamu, kama ndugu zetu wa Kendu Bay, mgawanyo wa mirathi hufuata sheria ya Kiislamu.

Kazi ya kila siku ya mtunza amana si ngumu kuieleza. Asichanganye pesa za amana na zake. Aandike kila kilichoingia na kilichotoka. Asijiuzie mali ya amana. Asijipatie faida ya siri. Mapato yakipatikana, yalishe, yavishe na kusomesha wanufaika. Mahakama ikitaka hesabu, azitoe.

Nitatoa mfano wa upande wa Migori. Kuna kijana niliyemfundisha, kwao ni karibu na Awendo, penye kiwanda cha sukari. Wazazi wake walifariki akiwa darasa la nne, naye na dada yake wakabaki na ekari kadhaa za miwa. Baba yake mdogo akawa "mdhamini". Miwa ikavunwa, ikachipua tena, ikavunwa. Karo ya sekondari ya kijana ililipwa kwa michango ya kanisa. Dada yake aliacha shule kidato cha pili. Kijana alipotimiza miaka 18 na kuuliza, aliambiwa, "Mimi ndiye mdhamini. Hatimiliki ina jina la nani?"

Na kweli, hatimiliki ilikuwa na jina la baba mdogo, bila neno la ziada. Hapo ndipo lugha inapogeuka kuwa mkate au njaa. Sheria inamruhusu anayesajiliwa kwa niaba ya wengine aandikwe kwa sifa hiyo, msajili akiongeza baada ya jina lake maneno mawili ya Kiingereza, 'as trustee'. Maneno mawili tu! Hayaelezi amana yote, lakini mnunuzi akiyaona anajua kwamba anayemuuzia si mwenyewe, naye huanza kuuliza maswali. Kama yangekuwapo kwenye hatimiliki ile ya Awendo, mkodishaji wa kwanza angesita.

Huishaje

Amana haikusudiwi kuwa ya milele. Huisha mtoto anapofika umri uliowekwa. Huisha mwenye haki ya maisha anapofariki na mali kwenda kwa watoto. Huisha lengo lake linapotimia au mali inapomalizika kwa matumizi halali. Huisha pia wanufaika wote, wakiwa watu wazima wenye akili timamu na mali yote ikiwa ni yao, wanapokubaliana wapewe chao. Kanuni hiyo ni ya kesi ya Saunders dhidi ya Vautier ya 1841. Mahakama nayo inaweza kuimaliza, au kumwondoa mtunzaji mbaya na kumweka mwingine. Kifungu cha 76 kinaruhusu hati ya usimamizi ifutwe ikiwa ilipatikana kwa hila, au msimamizi akishindwa kutoa hesabu.

Lakini kuisha si kunyamaza. Mtunza amana hatoki kazini kwa kusema "mmekua sasa." Anatoa hesabu ya mwisho, anatia saini fomu za kuhamisha ardhi, na jina la mnufaika linaingia kwenye daftari la usajili. Kabla ya hapo, bado ni jarit.

Je, aliyechelewa kudai amepoteza? Watu wengi huwaambia mayatima kwamba miaka 12 ikipita, ardhi imekwenda. Kwa kesi nyingi za ardhi, ndiyo, huo ndio ukomo. Lakini kifungu cha 20 cha Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, kimeweka mlango: mnufaika anayemdai mtunza amana mali ya amana iliyo mikononi mwake, au aliyoigeuza kwa matumizi yake, hazuiwi na ukomo huo. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Sheria ya amana inasema kinyume: asiyekuwapo, na mtoto asiyejua kusema, lake lipo, na kuna mtu anayewajibika kulilinda.

Yule kijana wa Awendo nimemwelekeza kwa wakili anayesaidia wasio na uwezo. Ana cheti cha kuzaliwa, vyeti vya vifo vya wazazi, na barua ya chifu inayowataja yeye na dada yake kuwa watoto wa marehemu. Njia yake ni ndefu, lakini haijafungwa.

Wa Oyugis alikuwa na bahati kwamba jambo halijafika kwa msajili wa ardhi. Jioni ile ile niliwaomba wazee warudi chini ya mwembe. Shemeji alinuna mwanzoni. Nilipomweleza kwamba mtunza amana halipi radi ikipiga ng'ombe, bali hulipa akimla, alicheka, akasema hilo hata mimi nalielewa. Tukaifuta ile sentensi. Mahali pake tukaandika kwamba shamba ni la watoto wa marehemu, kwamba mama yao ataishi hapo na kulima maisha yake yote, na kwamba yeye pamoja na shemeji yake wataiomba mahakama iwape usimamizi, walishike kwa amana na kutoa hesabu. Tukaorodhesha majina ya watoto wote wanne, wasichana wakiwamo.

Mjane akaniomba nimsomee tena. Nikamsomea. Akaikunja ile karatasi mara nne, akaifunga kwenye ncha ya leso. Keshoye aliipeleka kwa chifu kuomba barua ya kwenda nayo mahakamani Homa Bay.

Wiki ijayo nitajibu barua za wasomaji wanaouliza tofauti ya wasia, wosia na usia.